Rambirambi kwa Waziri Aliye Hai

"Mama Melania, hivi mtu akifa na grupu lisitangaze, watu watajuaje kwamba amekufa?"

Swali hilo Bi Zamaradi alimuuliza jirani yake siku moja ya jua kali, wote wawili wamekaa barazani na nyungo mapajani wanachagua mchele. Lilikuwa swali la kupotezea muda tu. Mama Melania akatoa kijiwe, akakirusha uani.

"Watasikia kilio."

"Kilio cha siku hizi hakifiki mbali, kila nyumba ina redio."

"Basi wataona turubai."

"Na turubai atalileta nani, kama hajui kuna aliyekufa?"

Wakacheka, wakaendelea na mchele.

Nchi waliyoishi haitajwi hapa kwa jina. Si kwa ubaya, ni kwa kuwa kulitaja bila kutanguliza neno Tukufu kunahitaji fomu, na fomu zimeisha. Inatosha kusema ilikuwa nchi yenye amani nyingi mno, hata serikali ikalazimika kuajiri watu elfu nne wa kuilinda hiyo amani isije ikasikia jambo ikashtuka.

Mama Melania alikuwa admini wa Tuzikane Birika, kikundi cha simu cha Mtaa wa Birika. Kazi yake ilikuwa moja: kuambiana nani amefariki, msiba uko wapi, kaburi linachimbwa lini. Walikuwamo watu mia mbili na sitini, Wakristo na Waislamu, wenye nyumba na wapangaji, hata wale waliohama mtaa zamani lakini hawakutaka kuja kuzikwa na wageni. Walimchagua yeye kwa sababu ni mama wa kanisani, hachekicheki ovyo, hasemi asiloliona, na simu yake haikosi chaji.

Masharti ya kikundi yalikuwa machache. Hakuna kutangaza sabuni. Hakuna vichekesho. Hakuna picha, isipokuwa ya marehemu. Na picha ya marehemu ilikuwa na desturi yake. Familia ilitafuta ile moja ambayo mtu amevaa tai, hata kama tai yenyewe ni ya kuazima kwa mpiga picha. Kwa hiyo miaka sita mfululizo, kila mtu wa Birika aliyefungua simu akakuta sura yenye tai, hakusoma tena maneno ya chini. Wengi hawakuwa hata na bando la kuifungua picha ikatakata. Waliona ukungu, na katikati ya ukungu tai. Ilitosha. Waliandika.

Na waliandika vizuri, maana Birika haimsemi marehemu vibaya. Mzee Songoro, aliyewashtaki nusu ya majirani kwenye baraza la kata kwa ajili ya mfereji wa maji machafu, aliandikiwa "alikuwa mpenda amani". Mwenye bucha, ambaye kidole chake kilipimwa pamoja na nyama kwa miaka ishirini, aliandikiwa "alikuwa mkweli, pengo lake halitazibika". Hakuna aliyeona huo ni unafiki. Mtu amekufa, yamekwisha, apewe maneno mazuri aondoke nayo.

* * *

Mwaka ule serikali iligundua kwamba wananchi wanazungumza.

Watafiti walizunguka nchi nzima wakakuta watu wanaongea sokoni, wanaongea kliniki, na la kutisha zaidi, wanaongea kwenye simu bila kupangiwa la kusema. Waziri wa Maneno, Mheshimiwa Sostenesi Ndimbwa, akatokea kwenye runinga na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "uhuru wa kusema upo. Tena uko salama kuliko wakati wowote katika historia yetu. Tumeuchukua, tumeufunga vizuri, tumeuweka mahali pakavu. Atakayeuhitaji aje na barua ya mtendaji, picha mbili ndogo na nakala ya kitambulisho."

Ikaundwa Mamlaka ya Usafi wa Kauli, na kila admini akatakiwa kuwa na kibali. Mama Melania ni mtu wa kutii. Alipanga foleni siku tatu, na siku ya tatu akafika dirishani. Fomu ilimtaka achague aina ya kikundi: Burudani, Biashara, Michezo, au Uchochezi.

"Mwanangu, sisi ni wa kuzikana," akamwambia karani.

"Kuzikana haipo."

"Sasa nifanyeje?"

"Huwa mnakusanyika?"

"Tunakusanyika."

"Mnapika?"

"Tunapika."

"Mnaimba?"

"Tunaimba, ila..."

"Burudani," karani akaandika, akagonga mhuri.

Kibali kilikuja na masharti thelathini na moja. La tisa lilisema kila kikundi kitaianza siku kwa Salamu za Asubuhi za Mheshimiwa Waziri, picha pamoja na maelezo, zikiwekwa na admini kwa mkono wake kabla ya saa moja. Picha ilitumwa na Mamlaka yenyewe. Mheshimiwa alikuwa amesimama, suti nyeusi, tai, macho yametazama mbali kama anayeona kitu ambacho wengine bado. Kumzunguka kulichorwa maua meupe. Chini yake kulikuwa na salamu, aya kumi na nne.

Mama Melania aliitazama ile picha, roho ikamsita kidogo. Lakini agizo ni agizo.

* * *

Jumatatu alisali sala ya asubuhi, akaweka Waziri kwenye kikundi, akaiacha simu kabatini, akaenda kanisani kufua vitambaa vya altare. Vitambaa vile havifuliwi na mtu mwenye haraka. Aliporudi saa saba, alikuta wanawake tisa uani kwake, wamejifunga khanga viunoni, na masufuria makubwa yamewekwa ukutani. Bi Zamaradi alikuwa ameshawasha moto.

"Afadhali umekuja," akasema. "Tumekaa hapa hatujui pa kwenda. Msiba uko wapi?"

"Msiba wa nani?"

"Si wa huyo kaka uliyemtangaza! Yule wa maua."

"Kaka gani tena, Zamaradi?"

"Mimi nimjulie wapi? Nimeona tai. Shomari kinyozi anasema alikuwa mteja wake."

Mama Melania akaingia ndani mbio, akafungua kabati, akafungua simu. Ujumbe mia moja na tisini na mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa Shomari kinyozi: "Jamani! Juzi tu alinipungia mkono. Alikuwa anasalimia hata watoto." Wa pili wa Bi Zamaradi: "Innalillahi. Tumepoteza mtu wa watu." Ukafuata mwingine: "Alikuwa mchapakazi, hakuwahi kumdhulumu mtu." Na mwingine: "Baba wa yatima umetuachia nani?" Kwaya ilikuwa imeshaahidi nyimbo tatu. Watu wa makaburini walikuwa wameuliza marehemu ni mrefu kiasi gani.

Akatoka nje, ameishika simu kwa vidole viwili.

"Zimeni moto," akasema. "Tumemzika Waziri."

"Waziri amekufa?" wakauliza wote.

"Hajafa. Alikuwa anatusalimu."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akainama taratibu akachukua sufuria lake, kama mtu anayeondoka mahali palipovunjika kitu cha wenyewe.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka Birika. Kila aliyeyasoma aliyapeleka kwenye kikundi kingine, pamoja na picha, kwa nia njema. Mpaka saa tisa mkuu wa wilaya alikuwa ameshusha bendera nusu mlingoti, na watu kumi na wanne walikuwa wameandika barua za kuomba nafasi iliyoachwa wazi, sita kati yao wakiwa manaibu. Mheshimiwa Ndimbwa mwenyewe alipata habari za kifo chake sebuleni, pale dereva alipoingia na nguo nyeusi akamuuliza mama mwenye nyumba viti vipangwe upande gani.

* * *

Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Tegemeo Fereji, alimwita Mama Melania kwa barua yenye mihuri mitatu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyeonekana kama amelala na nguo za ofisini.

"Mama, unafahamu umefanya nini?"

"Nimeweka picha mliyonitumia, kabla ya saa moja."

"Umemuua Waziri wa Jamhuri kwa njia ya simu."

"Lakini mwenyewe ni mzima, baba."

"Ndiyo kosa lenyewe!" Bwana Fereji akapiga meza. "Angekuwa amekufa, mimi na wewe tusingekuwa na shida yoyote."

Akafungua faili, akalitazama kwa uchungu, akalifunga. Kisha akasogeza kiti karibu, akaanza kumweleza kama vile naye anatafuta wa kumwonea huruma. Wanasheria walikuwa wamekaa siku nne. Kama yaliyoandikwa Birika ni uongo, lazima hati ya mashtaka iseme uongo upi. "Apumzike kwa amani" ni uongo, hapo wote walikubaliana. Lakini mstari unaofuata ulisema Waziri ni mchapakazi. Huo nao uandikwe uongo? Nani ataweka sahihi yake chini ya karatasi hiyo? Na kama yote ni kweli, basi Waziri amekufa, na sheria haimruhusu aliyekufa kulalamika.

"Si myafute tu?" Mama Melania akauliza.

"Mheshimiwa amekataa yasifutwe." Mkurugenzi akashusha sauti. "Ameagiza yachapwe kwenye karatasi nzuri. Anayasoma wakati wa chai. Jana alinipigia simu akanisomea lile la kinyozi, lile la kusalimia watoto. Sauti ilimkatika, Mama. Miaka kumi na tisa yuko serikalini, hajawahi kuandikiwa hivyo na mtu asiyetaka kitu."

Mama Melania hakujua aseme pole au hongera.

"Sasa kikundi chetu?"

"Kimefungwa wakati serikali inatafakari."

"Mpaka lini?"

"Kutafakari hakuna tarehe."

"Na mtu akifa?"

"Ashauriwe asubiri."

"Na mimi nikipita nyumba kwa nyumba nikawaambia watu kwa mdomo?"

Bwana Fereji akafikiri. Lilikuwa swali la kitaalamu, na alilipenda. "Hayo tunaita mawasiliano yasiyo na kifaa. Kanuni zake ziko kwa mpigachapa. Kwa sasa nakuruhusu milango kumi kwa siku, bila kupaza sauti wala kutumia mikono."

* * *

Wiki ya tatu ya kutafakari, akafa Mzee Lwitiko fundi cherehani.

Huyu hakuwa mtu wa kukosa wazikaji. Alikuwa ameshona Birika nzima kwa miaka arobaini. Hapakuwa na suruali mtaani ambayo hakuipandisha pindo wala sare ya shule ambayo hakuitia kiraka. Alianguka juu ya cherehani yake asubuhi, mguu bado uko kwenye pedeli. Mkewe, Bi Tusekile, alilia. Redio za majirani zilikuwa zinasoma maelezo ya kanuni mpya.

Siku hiyo Mama Melania alivunja sheria kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuishia milango kumi. Alibisha thelathini na miwili, miguu ikavimba, na mingi ilikuwa na kufuli, wenyewe wako kazini. Aliowakuta walishika vichwa, wakaahidi kuwaambia wengine, na waliporudi wa kuambiwa, walioahidi walikuwa wameshatoka. Waliohama mtaa hawakufikika kabisa. Zamani alibonyeza simu kwa kidole mara moja, mtu akapanda basi kutoka mkoa wa pili. Sasa kidole kilekile alikuwa anakigonga kwenye mbao.

Mzee Lwitiko alizikwa na watu kumi na mmoja. Waliochimba walikuwa wanne, watatu kati yao wazee kuliko marehemu. Jeneza lilitua chini mara mbili njiani kwa kukosa mabega ya kupokezana. Shomari kinyozi alikuja na mkasi bado umening'inia mfukoni. Alipita kwa bahati tu, akaona.

Waliporudi, Bi Tusekile alikaa kwenye mkeka akaangalia mlangoni muda mrefu. Viti vilivyoazimwa kanisani vilikuwa vimepangwa mistari sita, na watu hawakujaza hata mstari mmoja na nusu.

"Mama Melania," akasema, "niambie wewe usiye na uongo. Mume wangu aliwakosea nini watu wa Birika?"

"Hakuwakosea, dada. Hawakujua."

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

Bi Tusekile akatikisa kichwa. Haikumwingia. Kwake ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mume wake alichukiwa kwa siri miaka arobaini kuliko kuamini kwamba kifo kinahitaji kibali.

Kwa siku kumi zilizofuata watu walikuja pale kibandani mmoja mmoja, na suruali mkononi, na sare, na gauni la kubana kiunoni. Walikuta kufuli, wakauliza, wakaambiwa. Mama mmoja alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa shati la shule alilokuwa amelileta kutiwa vifungo, akalia kilio ambacho kilipaswa kusikika siku kumi nyuma.

* * *

Hatimaye serikali ikamaliza kutafakari. Bwana Fereji alikuja Birika mwenyewe, amevaa tai, na watu waliomwona kwa mbali wakavua kofia.

Suluhisho lilikuwa limepatikana. Liliitwa Ufafanuzi wa Kitaifa. Lilisema kwamba sifa zote zilizoandikwa na wananchi wa Birika ni za kweli na zitahifadhiwa, ila sehemu inayohusu kufariki ilikuwa hitilafu ya wakati. Admini angefika Wizarani, aweke mkono juu ya Biblia, ausome Ufafanuzi mbele ya kamera, na Mheshimiwa Waziri, kwa furaha yake, angetia sahihi kibali cha kudumu palepale. Kikundi kingefunguliwa kabla admini hajafika nyumbani.

"Cha kudumu?" Mama Melania akauliza.

"Cha kudumu. Tena tumekutoa kwenye Burudani. Tumewaundia kundi lenu wenyewe."

"Linaitwaje?"

"Mengineyo."

Bi Zamaradi alisikiliza yote akiwa amesimama kwenye pengo la ua. Mkurugenzi alipoondoka akaingia.

"Utaenda."

"Nitaenda. Ila mkono juu ya Biblia, Zamaradi, hapo ndipo ninaposita."

"Wewe mwanamke! Ni karatasi moja. Unaisoma, unameza mate, unarudi. Mungu hajui kwamba umelazimishwa? Umesahau Lwitiko alivyowekwa chini barabarani kama kitanda kinachohamishwa?"

"Sijasahau."

"Hapa mtaani nina presha mimi, una sukari wewe, na Mzee Kibwana hapo kona hatoki kitandani. Nani anafuata hatujui. Unataka huyo naye azikwe na kinyozi?"

Mama Melania akainuka akaingia ndani. Alisali juu ya jambo lile siku mbili. Akaamua kwamba Zamaradi ana haki. Angesoma.

* * *

Ukumbi wa Wizara ulikuwa na zulia linalomeza viatu. Kwenye meza ndefu paliwekwa Biblia, maua, chupa za maji, na kibali chenye utepe, mahali pa sahihi pakiwa peupe. Watu wa kamera walisogezasogeza taa. Mheshimiwa Sostenesi Ndimbwa aliingia bila makeke, akampa Mama Melania mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa mfupi kuliko picha. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha nene, na Mama Melania aliona kingo za karatasi zimechakaa kwa kufunuliwafunuliwa.

"Mama," akasema, "nimetamani sana kukuona."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Na sisi tunafurahi u mzima."

Bwana Fereji akakohoa, akatoa hotuba fupi ya nusu saa. Alisema hakuna nchi duniani ambako wananchi wanampenda kiongozi wao mpaka wanakosea tarehe. Kisha akampa Mama Melania karatasi, kamera ikawaka jicho jekundu, na yeye akaweka mkono juu ya Biblia.

Alisoma vizuri, kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani. Alisoma kwamba yeye ni admini. Alisoma kwamba kulitokea hitilafu ya wakati. Mheshimiwa alikuwa ameshafungua kalamu, amesogeza kibali karibu, anatabasamu. Mama Melania akafungua ukurasa wa pili.

"'Nathibitisha kwamba maneno yote tuliyoandika kumhusu Mheshimiwa Waziri tuliyaandika kutoka mioyoni, na kwamba...'"

Akanyamaza.

"Endelea, Mama," Bwana Fereji akanong'ona.

"'...na kwamba...'" Akausogeza mstari karibu na macho, kisha mbali. Alikuwa anauona vizuri sana.

"Ni mwandiko?" Mheshimiwa akauliza kwa upole. "Mletee miwani."

"Si mwandiko, Mheshimiwa. Hapa pameandikwa, 'na kwamba tungeyasema hayohayo akiwa hai'."

"Ndiyo."

"Hapa siwezi kupita, na mkono wangu uko juu ya Kitabu."

Bwana Fereji akaonyesha ishara kamera izimwe, lakini mwenye kamera alikuwa anasikiliza, hakuiona.

"Mama," Waziri akasema, na sasa hakuwa anaongea na kamera. Alikuwa ameitoa bahasha, ameishikilia kifuani. "Unataka kuniambia kwamba haya ni uongo? Hili la kinyozi? Hili la baba wa yatima?"

"Hapana. Si uongo."

"Kumbe ni nini?"

Mama Melania akatafuta maneno yasiyomuumiza mtu. Alimwona ni mtu mzima aliyekuja na karatasi zake kutaka kuambiwa kitu, na alitaka kumpa. Alitazama pia kile kibali chenye utepe. Akamwona Bi Tusekile kwenye mkeka, na vile viti.

"Mheshimiwa," akasema, "sisi Birika mtu akifa tunamsamehe. Tunamsamehe kwanza, ndipo tunaandika. Hata kama bomba halikutoa maji miaka mitano, hata kama tulienda zahanati tukaambiwa dawa ziko njiani. Tulipoona picha yako, na tai, na yale maua, tukakusamehe palepale, kwa moyo mmoja. Kutoka mioyoni ni kweli kabisa, hapo nimepasoma bila wasiwasi."

"Halafu?"

"Halafu tukasikia u mzima."

Mwenye kamera akaangalia viatu vyake. Waziri hakusogea. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, ncha yake karibu kabisa na ule mstari mweupe.

"Kwa hiyo nikiwa hai," akasema polepole, "hakuna hata mmoja..."

Mama Melania alimwona amebadilika rangi, akamhurumia kwa dhati. Alitoa mkono wake juu ya Biblia, akaugusa mkono wa Waziri, kama anavyofanya kwa wafiwa.

"Lakini usihuzunike, Mheshimiwa," akamwambia. "Sisi ni watu wa kuzikana. Siku yako ikifika, tutayaandika tena. Yote. Na mengine tutaongeza."

Mheshimiwa Waziri aliutazama ule mkono. Kisha akautoa wake taratibu, akafunika kalamu, akaitia mfukoni, akachukua bahasha yake, akasukuma kiti nyuma, akavuka lile zulia na kutoka mlangoni, kibali kikabaki mezani na mstari wake mweupe.